Kitabu cha Nasaba na Chungu cha Jikoni: Vita, Chakula na Jamaa katika Vitabu vya Korea

Jamaa za Kikorea zimerithishana kumbukumbu kwa njia mbili, na njia hizo hazikupewa heshima sawa. Ya kwanza ni jokbo, yaani kitabu cha nasaba kinachoorodhesha ukoo mzima, kizazi baada ya kizazi, tangu kwa babu aliyeuanzisha, pamoja na mahali unapohesabiwa kuwa asili yake, kiasi kwamba Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju ni watu wa koo mbili ingawa jina lao ni moja. Ya pili ni jiko: vyungu vya udongo vya kuvundikia mboga na soya, meza inayoandaliwa kwa ajili ya wafu, na ujuzi wa mkono ambao mama humpa binti au mkwe bila kuandika chochote. Kitabu kilikuwa cha wanaume, jiko likawa la wanawake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba karne ya ishirini, kwa ukoloni wake, kugawanywa kwa nchi na vita vilivyofuata, ilikivuruga kile kitabu, na kwamba waandishi waliotaka kuisimulia historia ya Korea baada ya hapo, wakiwa Seoul, Jeju au Marekani, walilazimika kuianzia jikoni, mahali ambapo polisi na makarani wa serikali hawakuwa na mazoea ya kuchungulia.

Mgawanyo huo wa kitabu na jiko haukuwa mkali tangu mwanzo. Kitabu cha nasaba cha zamani kuliko vyote vilivyosalia, cha ukoo wa Gwon wa Andong, kilichochapishwa mwaka 1476, kiliwapanga watoto wa kike na wa kiume kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, na kikafuatilia hata uzao wa mabinti, ingawa binti mwenyewe alitajwa kwa jina la mumewe. Ni baada ya vita vya Imjin, yaani uvamizi wa Japani wa miaka ya 1592 hadi 1598, na baada ya mafundisho ya Konfyushasi kushika mizizi katika kila nyumba ya wasomi watawala, ndipo wana wa kiume walipotangulizwa, urithi ukaelekezwa kwa kifungua mimba wa kiume, naye akakabidhiwa jesa, ambayo ni ibada ya kuwaandalia wahenga chakula usiku wa kuamkia siku waliyofariki.

Karne ya kumi na saba, iliyowasukuma mabinti pembeni, ilizaa pia kitabu cha aina nyingine kabisa. Mnamo mwaka 1670 hivi, Jang Gye-hyang, mwanamke wa jamaa ya wasomi kutoka mkoa wa Gyeongsang, aliandika Eumsik Dimibang, mwongozo wa mapishi zaidi ya 140, karibu theluthi yake yakiwa ya kutengeneza pombe, kwani pombe ya mchele haikosekani kwenye meza ya wahenga. Hakuandika kwa herufi za Kichina, ambazo ndizo zilikuwa alama ya elimu ya wanaume, bali kwa Hangul, alfabeti iliyotangazwa mwaka 1446 na kudharauliwa na wasomi kwa kuwa ilijifunzwa upesi mno. Nyuma ya kitabu aliacha agizo kwamba mabinti wanaweza kunakili watakacho, lakini kitabu chenyewe wasikitoe nyumbani. Agizo hilo linaeleza sheria nzima ya jamaa ya wakati ule, kwa sababu binti aliyeolewa alihesabiwa kuwa wa nyumba nyingine, na aliruhusiwa kuondoka na nakala tu ya alichojua mama yake.

Msomaji wa leo akikifungua kitabu hicho atashangaa kutokuta pilipili. Mmea huo wa Amerika ulifika Asia ya Mashariki na meli za Ulaya, na maandishi ya Yi Su-gwang ya mwaka 1614 yanautaja kama kitu kilichotoka Japani. Ilichukua muda mrefu zaidi kabla haujaingia katika kimchi, yaani mboga zilizotiwa chumvi na kuvundikwa, na kuipa wekundu ambao ulimwengu mzima unaufahamu. Wapo wanazuoni wa Korea wanaoupinga mpangilio huu wa tarehe na kudai pilipili yao ni ya kale, na ubishi wenyewe unaonyesha jinsi chakula kinavyoweza kubebeshwa uzalendo kuliko kinavyostahimili. Meza ya wahenga yenyewe haikukubali mabadiliko, maana hadi sasa pilipili na kitunguu saumu hukwepwa katika vyakula vya jesa, kwa imani kwamba vitu hivyo hufukuza roho, hivyo wafu hula mapishi ambayo walio hai wameyaacha zamani.

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliijua Korea ya kifalme kwanza kwa tamthilia za televisheni, na mojawapo maarufu kuliko zote duniani, ile ya Jang-geum ya mwaka 2003, inampitisha shujaa wake katika jiko la mfalme kwa vipindi vingi, wakati kumbukumbu rasmi za enzi ya Joseon zinamtaja kwa ufupi tu, tena kama tabibu. Historia halisi ya kasri ina chombo cha jikoni cha kutisha zaidi ya chochote kilichobuniwa na watunzi wa tamthilia. Mwaka 1762 Mfalme Yeongjo aliamuru mwanawe na mrithi wake, Sado, aliyekuwa na umri wa miaka 27 na aliyechanganyikiwa akili hadi kuua watu, afungiwe ndani ya kasha la kuhifadhia mchele, naye akafa humo baada ya siku nane. Mjane wake, Bibi Hyegyeong, alisubiri zaidi ya miaka 30 kabla ya kushika kalamu, na kati ya 1795 na 1805 akaandika kumbukumbu nne. Ya kwanza ilikuwa ya jamaa aliyozaliwa, ambayo ilishukiwa na kuadhibiwa. Ya mwisho, ambayo ndiyo inayothubutu kueleza kifo chenyewe, iliandikwa ili mjukuu wake, Mfalme Sunjo, aijue. Humo mna kila kitu ambacho fasihi ya Korea ingekihitaji miaka 200 baadaye: mauaji yaliyofanywa na serikali ndani ya jamaa, ukimya ulioamriwa, na mwanamke anayeandika kwa kuwa nasaba rasmi haina mahali pa kuliweka jambo lililotokea.

Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, ilichukua ardhi na mchele kwanza, majina baadaye. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuongeza mavuno ya mpunga, na mavuno yakaongezeka kweli, lakini ziada hiyo na zaidi yake ilipakiwa melini kwenda Osaka na Tokyo, hadi katika baadhi ya miaka sehemu iliyosafirishwa ikakaribia nusu, huku wakulima wenyewe wakila uwele ulioletwa kutoka Manchuria. Riwaya ya Min Jin Lee, Pachinko, iliyotoka mwaka 2017, imeuweka uchumi huo wote katika ununuzi mmoja dukani. Mjane mwenye nyumba ya wageni huko Yeongdo, kisiwa kilicho mlangoni mwa bandari ya Busan, anamwomba muuza nafaka amuuzie mchele mweupe kidogo, uliotengwa kwa ajili ya wateja wa Kijapani, ili bintiye Sunja, anayeolewa bila sherehe na kuondoka kwenda Osaka, aonje wali wa nchi yake kabla ya safari. Hakuna jedwali la takwimu za biashara ambalo lingemfanya msomaji aelewe kwa haraka hivyo kwamba ukoloni ni kuomba kilicholimwa mlangoni pako. Sunja huyohuyo baadaye anauza kimchi sokoni Osaka, na harufu inayowafanya majirani wa Kijapani wawadharau Wakorea ndiyo inayolipa karo ya watoto wake. Riwaya hii ina urefu uliopita kiasi katika sehemu yake ya mwisho, pale inapofuata benki na uwekezaji wa miaka ya 1980, lakini kurasa zake za kisiwani na sokoni zina uzito ambao wanahistoria wengi wangeuonea wivu.

Majina yalifuata mwaka 1940, kwa amri iliyozitaka jamaa za Kikorea zijiandikishe kwa majina ya ukoo ya Kijapani. Richard E. Kim, aliyezaliwa Hamhung mwaka 1932, aliyasimulia hayo katika Lost Names, kitabu cha mwaka 1970 kilichoandikwa kwa Kiingereza na kinachosimama kati ya riwaya na tawasifu, ambamo baba anachagua jina Iwamoto kisha anampeleka mwanawe kwenye makaburi ya mababu, katika theluji, kuwaomba radhi. Mwanamume wa jamaa kama hiyo alipopoteza jina alipoteza kitabu cha nasaba, na kitabu hicho ndicho kilichomwambia yeye ni nani. Hali ya wanawake ilikuwa tofauti kwa namna ya kejeli, maana hawakuwa wameandikwa humo kwa majina yao kamwe.

Mwaka 1945 Japani ilishindwa, na maofisa wa Marekani walichora mstari kwenye nyuzi 38 za latitudo ili kugawana na Wasovieti kazi ya kupokea silaha. Mwanahistoria Bruce Cumings, katika juzuu mbili za The Origins of the Korean War zilizotoka 1981 na 1990, alipinga desturi ya kuanza simulizi ya vita tarehe 25 Juni 1950, siku majeshi ya Kaskazini yalipovuka mstari huo, akionyesha kwamba mapambano ya ardhi, ya kamati za wananchi na ya wale waliowatumikia Wajapani yalikuwa yamekwisha kuwaka miaka mitano kabla. Nyaraka za Kisovieti zilizofunguliwa baadaye, ambazo zinaonyesha jinsi Kim Il Sung, kiongozi wa Kaskazini, alivyomwomba Stalin ruhusa, ziliipunguza nguvu sehemu ya hoja yake kuhusu chanzo cha uvamizi wenyewe. Sehemu nyingine haijapata wa kuiangusha, na ushahidi wake mzito unatoka kisiwa cha Jeju.

Kisiwa hicho kilikuwa na watu karibu laki tatu. Tarehe 3 Aprili 1948 wapiganaji wa mrengo wa kushoto walishambulia vituo vya polisi, wakipinga uchaguzi ambao ungeunda serikali ya upande wa kusini peke yake, na kwa miaka iliyofuata polisi, jeshi na makundi ya vijana waliokimbia kutoka Kaskazini walichoma vijiji vya miinuko ya Mlima Halla na kuua watu wanaokadiriwa kufikia 25,000 hadi 30,000, wengi wao raia. Baada ya hapo kulizungumzia jambo hilo kukawa kosa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1948 ilikuwapo, na pamoja nayo palikuwa na desturi iliyoitwa yeonjwaje, ya kumhesabia mtu hatia ya ndugu yake, hata mtoto wa aliyeuawa akanyimwa kazi ya serikali na ruhusa ya kusafiri nje. Kitabu cha nasaba hapo kiligeuka kuwa faili la polisi, kwa kuwa kilionyesha nani ni nduguye nani.

Hadithi ya Hyun Ki-young, Suni Samchon, iliyochapishwa mwaka 1978, ndiyo iliyovunja ukimya huo, na mwandishi alilipa kwa kukamatwa na kuteswa mwaka uliofuata huku kitabu kikipigwa marufuku. Msimulizi ni mfanyakazi wa kampuni huko Seoul anayerudi kijijini kwa ajili ya jesa ya babu yake. Usiku huo nyumba baada ya nyumba inawasha taa na kuandaa chakula, kwani watu wa kijiji hicho, kilichobuniwa kwa mfano wa Bukchon ambako wanajeshi waliua zaidi ya watu 300 mnamo Januari 1949, walikufa pamoja, na kwa hiyo wanalishwa pamoja. Serikali iliweza kuzuia magazeti, vitabu vya shule na mikutano ya hadhara, lakini isingeweza kuzikataza jamaa kuwapikia wazazi wao bila kuikanyaga heshima kwa wazazi ambayo yenyewe iliihubiri. Tarehe ya mauaji ikahifadhiwa katika kalenda ya sufuria. Katika hadithi hiyo mama mmoja, Suni, aliyeponea chupuchupu chini ya maiti, anaendelea kulima shamba lilelile ambamo watu waliuawa, wakiwemo watoto wake, na mwaka ule viazi vitamu vinatoka vikubwa mno kwa rutuba ya miili. Hyun anaiandika sentensi hiyo kwa utulivu na kuendelea, na ni vigumu kufikiria namna nyingine ambayo ingevumilika.

Serikali yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi kuuvunja ukimya huo. Sheria ya kuchunguza ukweli wa Jeju ilitangazwa rasmi mwaka 2000, na Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi mwaka 2003. Riwaya ya Han Kang ya mwaka 2021, ambayo jina lake ni tamko la kukataa kuagana, inakirudia kisiwa hicho kupitia kwa mama aliyetumia maisha yake kukusanya vipande vya magazeti na barua akimtafuta kaka yake. Han Kang, aliyezaliwa Gwangju mwaka 1970 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2024, amesifiwa zaidi nje ya nchi kwa riwaya yake kuhusu mwanamke anayeacha kula nyama, nayo mara nyingi husomwa kama fumbo la mwili na ndoa. Usomaji huo unapita juujuu. Baba anayempiga binti yake kofi na kumsukumia nyama mdomoni mbele ya ukoo mzima uliokaa mezani ni askari mstaafu wa vita vya Vietnam, mmoja wa wanajeshi zaidi ya 300,000 ambao Korea Kusini iliwapeleka huko kati ya 1964 na 1973, na nishani yake ni fahari ya nyumba. Vita vimeingia mezani vikiwa na haki ya mzazi, na anayekataa kula ndiye anayeitwa mgonjwa. Katika riwaya yake nyingine, kuhusu mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi mjini Gwangju mnamo Mei 1980, wafu wanahesabiwa na kuoshwa na vijana wa shule. Mjini humo yanakumbukwa pia matonge ya wali yaliyofinyangwa na wanawake wa sokoni na kugawiwa bure kwa raia waliochukua silaha, chakula ambacho leo Gwangju inakitaja kama sehemu ya urithi wake.

Park Wan-suh anastahili kuwekwa peke yake, kwa kuwa aliyaona yote na hakumpendelea yeyote. Alizaliwa mwaka 1931 karibu na Kaesong, akaletwa Seoul akiwa mtoto na mama aliyeapa kumsomesha, na tawasifu yake ya mwaka 1992 imepewa jina lililo swali: nani aliyezila singa zote? Singa ni mmea mchachu wa porini ambao watoto wa kijijini kwao walizoea kuumenya na kutafuna mashina yake. Mtoto huyo, akiwa kwenye kilima cha Seoul, anakula maua ya mkakaya kama watoto wa mjini, yanamchefua, na anatafuta singa za kumtuliza tumbo bila kuona hata moja. Kitabu kinaanza na chakula cha bure cha utotoni na kinaishia majira ya baridi ya 1951, Seoul ikiwa imehamwa na watu kwa hofu ya majeshi ya China, kaka amejeruhiwa, na msichana anaangalia nyumba tupu akiwaza kwamba lazima zina unga au shayiri iliyosahaulika, na kwamba yuko tayari kuvunja milango. Wakati uleule unamjia uamuzi wa kuandika. Njaa, wizi na fasihi vinazaliwa katika aya moja, na hakuna hata kimoja kinachoombewa radhi. Park alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1970, akiwa na karibu miaka 40 na mama wa watoto watano, na iliegemea kazi aliyoifanya wakati wa vita katika duka la jeshi la Marekani.

Mapigano yalisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa makubaliano ambayo hayajawahi kuwa mkataba wa amani, na ramani ya chakula ya Korea Kusini ilichorwa upya na wakimbizi. Waliotoka Hamgyong walijenga mtaa wao Sokcho, karibu na mpaka, wakisubiri kurudi baada ya wiki chache. Waliofika Busan walizoea tambi za baridi za memil, nafaka nyeusi ya milimani Kaskazini, na kwa kuikosa wakazitengeneza kwa unga wa ngano wa msaada wa Marekani, chakula kinachoitwa milmyeon na ambacho sasa vitabu vya utalii vinakiita cha asili ya Busan. Kandokando ya kambi za Wamarekani, hasa Uijeongbu, soseji na nyama za kopo zilizotoka jeshini, kwa njia halali na zisizo halali, ziliingizwa katika mchuzi wa kimchi na kuitwa budae jjigae, yaani mchuzi wa kikosi. Katika uokoaji wa bandari ya Heungnam mnamo Desemba 1950, meli ya mizigo Meredith Victory ilibeba wakimbizi wapatao 14,000, na watoto watano waliozaliwa safarini walibandikwa na mabaharia majina ya Kimchi wa kwanza hadi Kimchi wa tano. Mabaharia hao walifanya kazi ya huruma isiyo na mfano, na bado walipohitaji kuwapa majina Wakorea wapya, neno la chakula ndilo lililowajia.

Wanawake walioolewa na wanajeshi wa Marekani, ambao wanakadiriwa kukaribia laki moja katika miongo iliyofuata, wamepata mwanahistoria wao katika Ji-Yeon Yuh, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2002 na kutenga sura nzima kwa suala la chakula: wake waliojifunza kupika vya Kimarekani kwa ajili ya waume na wakwe, wakaila kimchi yao kwa kificho, na wengine wakaikosa kwa miaka. Grace M. Cho, mwanasosholojia aliyezaliwa na mmoja wa wanawake hao, aliandika kwanza kitabu cha kitaaluma kuhusu ukimya wa wanawake wa kambini, mwaka 2008, kisha mwaka 2021 akaandika Tastes Like War, kumbukumbu ya mama yake aliyeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Jina la kitabu linatokana na kauli ya mama aliyekataa maziwa ya unga, kwa sababu ladha yake ilikuwa ya vita. Maziwa hayo yaligawiwa kama msaada kwa watu ambao wengi wao matumbo yao hayakuyamudu. Cho anajifunza kumpikia mama mgonjwa vyakula vya utoto wake, na kila chakula kinaleta kipande cha maisha ambacho hakuna daktari aliyekiuliza. Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba mwandishi hakubali chakula kimponye mama. Anakichukulia kama ushahidi, anakipima na kumbukumbu za kambi na za njaa, na anabaki na maswali.

Kwa kipimo hicho, Crying in H Mart ya Michelle Zauner, ya mwaka 2021 pia, ni kitabu chepesi zaidi. Zauner, mwanamuziki aliyezaliwa Seoul na kukulia Oregon, anamlilia mama aliyefariki kwa saratani mwaka 2014, na analia katikati ya rafu za duka la vyakula vya Asia, la kampuni iliyoanzia Queens, New York, mwaka 1982. Huzuni yake ni ya kweli na maelezo yake ya mapishi yana macho makali. Hata hivyo, kitabu hicho kimefungua soko la vitabu vingi ambamo bakuli la mchuzi linatosha kumrudishia mtu asili yake, na ambamo mama hana historia nyingine zaidi ya upendo wake jikoni. Mama aliyezaliwa Korea katika miaka ya baada ya vita alikulia chini ya majenerali, katika nchi iliyokuwa ikila unga wa msaada, na msomaji ana haki ya kumdai mwandishi habari hizo, hata kama mtoto hakuwahi kuambiwa.

Wapo ambao hata bakuli hawakurithi. Tangu miaka ya 1950 watoto wapatao 200,000 walipelekwa nje ya Korea kuasiliwa, yaani kulelewa kisheria kama watoto wa jamaa nyingine, na ili karatasi zikubalike wengi waliundiwa hojuk ya yatima, daftari la kaya linalomwonyesha mtoto mchanga kuwa yeye peke yake ndiye jamaa na mkuu wa jamaa, ingawa wazazi wake walikuwa hai. Jane Jeong Trenka, aliyelelewa Minnesota, aliyaandika maisha ya aina hiyo katika The Language of Blood mwaka 2003, na baadaye akawa miongoni mwa waliodai mabadiliko ya sheria huko Seoul. Mwaka 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitamka kwamba serikali ilihusika na ukiukaji wa haki katika mpango huo, zikiwemo hati za kughushi. Daftari la kaya chini ya mkuu wa kiume lilikuwa limekwisha kufutwa tangu Januari 2008, na baadhi ya koo sasa zinachapisha vitabu vya nasaba vyenye mabinti kwa majina yao.

Upande wa Kaskazini umesomeka hasa kupitia kwa waliotoka. Barbara Demick, katika Nothing to Envy ya mwaka 2009, alisimulia mji wa Chongjin wakati wa njaa ya miaka ya 1990 kwa midomo ya wakimbizi sita. Kuna daktari anayevuka Mto Tumen usiku na kukuta uani mwa nyumba ya Mchina bakuli la wali na nyama lililowekewa mbwa, na hapo anatambua kwamba yote aliyofundishwa kuhusu nchi yake yalikuwa uongo. Ni tukio kali, na limenukuliwa kupita kiasi. Kurasa za thamani zaidi ni zile zinazoeleza wanawake waliozigeuza nyumba zao kuwa vibanda vya biskuti na tambi, baada ya mgao wa serikali kukatika, kinyume cha sheria, wakajenga masoko ambayo serikali hadi leo haijaweza kuyafuta.

Mwaka 1983 shirika la utangazaji la KBS liliwakutanisha jamaa 10,189 waliotenganishwa na vita, kwa matangazo yaliyodumu siku 138, watu wakitambuana kwa makovu, majina ya utani na ramani za nyumba zilizokwisha kubomolewa. Wale walikuwa Wakusini kwa Wakusini; kukutana na wa Kaskazini kulihitaji ruhusa ya serikali mbili, na mara ya mwisho kulifanyika Agosti 2018 katika Mlima Geumgang, miezi minne baada ya kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Un, kuleta tambi za baridi za Pyongyang kwenye karamu ya viongozi wa Korea mbili huko Panmunjom na wakazi wa Seoul kupanga foleni mbele ya mikahawa inayopika tambi kama hizo. Waliojiandikisha kutafuta ndugu zao tangu mwaka 1988 wanapita 130,000, na wengi wamekwisha kufariki. Februari 2025 Wizara ya Muungano ya Korea Kusini ilitangaza kwamba Kaskazini ilikuwa ikilibomoa jengo la makutano la Geumgang. Vitabu vitakavyokuja kuhusu jamaa hizo vitaandikwa na wajukuu, waliokula chakula cha Hamhung au Kaesong bila kuiona miji yenyewe, na swali la kuwauliza ni lilelile linalowatenga Cho na Zauner: je, mwandishi anajua chungu alichokirithi kilitoka wapi, nani alinyimwa ili kijae, na ni nani katika ukoo aliyekatazwa kuyasema hayo?